Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, Baba na Mlinzi wa Walimu

Tunapohesabu mema ambayo Mungu aliijalia parokia yetu, tunataja kanisa, kengele, wabatizwa na ndoa takatifu, na ni haki kuyataja. Lakini wazee wetu wanajua ya kuwa hapa, kama katika parokia nyingi za nchi yetu, watoto walisikia jina la Yesu kwanza katika nyumba ya masomo: kuta za udongo, paa la majani, mabenchi ya miti, na mwalimu mmoja amesimama mbele yao. Hapo mtoto alijifunza kumpenda Mungu, ama kumwogopa tu, kadiri ya uso wa mwalimu wake. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika katika kitabu hiki kidogo maisha ya mtakatifu aliyelijua jambo hilo kupita wengi, naye ni Jean-Baptiste de La Salle.

Mtoto wa nyumba ya heshima

Alizaliwa katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651. Baba yake, Louis de La Salle, alikuwa mwamuzi katika baraza la mfalme. Mama yake, Nicolle Moët, alitoka pia katika jamaa ya heshima. Jean-Baptiste alikuwa mzaliwa wa kwanza. Tangu utoto alivutwa na mambo ya kanisa, na mwaka wa 1667, akiwa na miaka 15 tu, aliwekwa kuwa kanoniko wa kanisa kuu la Reims. Cheo hicho kilileta heshima na mapato mengi. Kwa macho ya watu, njia yake ilikuwa imenyoshwa mbele yake hata uzee.

Mwaka wa 1670 alikwenda Paris katika seminari ya Saint-Sulpice. Hakukaa sana. Mama yake alikufa mwezi wa Julai 1671, na baba yake akamfuata mwezi wa Aprili 1672. Kijana huyo, ambaye hakuwa bado na miaka 21, alirudi nyumbani kuwa baba wa wadogo zake. Aliangalia mali yao, alilipa madeni, alipanga masaa ya sala na ya chakula, huku akiendelea na masomo yake. Ndivyo Mungu alivyomfundisha kulea watoto kabla ya kumpa watoto wa wengine. Alipewa upadri tarehe 9 Aprili 1678, siku ya Jumamosi Takatifu, na mwaka wa 1680 akapata cheo cha dokta wa teolojia.

Mgeni mlangoni

Siku zile watoto wa maskini katika miji ya Ufaransa walizunguka njiani mchana kutwa. Wazazi wao, mafundi na vibarua, walikuwa kazini toka alfajiri hata usiku. Hawakuwa na njia ya kulipa mwalimu, wala hawakuwa na nafasi ya kufundisha watoto wao hata Ishara ya Msalaba. Watoto walijifunza matusi, wizi na uvivu, wakafika umri wa kazi bila kujua kitu.

Mwaka wa 1679 mtu mmoja aliyeitwa Adrien Nyel alifika Reims, ametumwa kutoka mji wa Rouen na mama mmoja tajiri, Bibi Maillefer, aliyetaka kufungua shule ya wavulana maskini pasipo malipo. Nyel alikutana na Padri de La Salle kwenye mlango wa nyumba ya Masista wa Mtoto Yesu, ambao padri huyo alikuwa akiwasaidia. Padri alimkaribisha kwake, akamtafutia paroko wa kupokea shule hiyo, naye ndiye paroko wa Saint-Maurice. Alidhani kazi yake imekwisha hapo. Baadaye yeye mwenyewe alikiri ya kuwa, kama angalijua siku ile mzigo uliokuwa ukimngojea, asingalithubutu kuugusa. Kwa maana walimu wa shule ndogo walikuwa watu waliodharauliwa sana, naye aliwaweka chini hata ya mtumishi wa nyumba yake. Lakini Mungu huongoza mtu hatua kwa hatua, wala hamwonyeshi mlima wote kwa siku moja.

Walimu ndani ya nyumba yake

Shule zilizidi, na matatizo yakazidi pamoja nazo. Nyel alikuwa mtu wa bidii, lakini hakutulia. Alipofungua shule moja alikimbilia kufungua nyingine. Walimu walibaki bila uongozi. Hawakuwa na masomo ya kutosha, kila mmoja alifundisha kwa namna yake, na kalasi zilijaa kelele. Padri de La Salle alitambua neno ambalo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila shule: amani ya kalasi haiwezi kupatikana kama mwalimu mwenyewe hana amani. Mwalimu ambaye hajui atakula nini, analala wapi, na nani atamshauri, huja na mashaka yake mbele ya watoto, nao ndio wanaoyalipa.

Kwa hiyo alianza kuwaita mezani kwake. Halafu, tarehe 24 Juni 1681, aliwapokea wakae kabisa nyumbani mwake. Jamaa zake walikasirika mno. Waliona aibu kuu kwamba watu wa hali ya chini wanakula pamoja na wana wa mwamuzi, wakamwondolea wadogo zake. Padri aliumia rohoni, lakini hakuwafukuza walimu. Mwaka uliofuata alihama pamoja nao katika nyumba nyingine, mtaa wa maskini. Hata chakula chao kilimshinda mwanzoni, kwa maana tumbo lake lilizoea vyakula vizuri. Akajinyima mpaka njaa yenyewe ikamfundisha kula walichokula wengine.

Alipoacha mali yake

Siku moja alikuwa akiwahimiza walimu wasiogope ya kesho, bali wamtumaini Baba wa mbinguni anayelisha ndege. Walimu walimjibu wazi ya kuwa maneno hayo ni mepesi kwa mtu mwenye mapato ya ukanoniko na mali ya wazazi. Lakini wao, shule zikianguka, watabaki na mikono mitupu. Jibu hilo lilimchoma. Alilichukua mbele ya Sakramenti Takatifu, akaomba pia shauri la Padri Nicolas Barré, mtu wa Mungu aliyekwisha kuanzisha shule za maskini. Mwaka wa 1683 aliacha ukanoniko wake, na hakumpa ndugu yake kama jamaa walivyotaka, bali padri mmoja maskini. Kisha, katika njaa kubwa ya 1684 na 1685, aligawa mali yake yote kwa kununua mkate wa wenye njaa. Toka siku ile alipowaambia walimu wamtumaini Mungu, hakuna tena aliyeweza kumjibu.

Hivyo lilizaliwa shirika la Ndugu wa Shule za Kikristu, ambao sisi tunawaita Mafrere. Alitaka wasiwe mapadri, bali walei waliojitoa kwa Mungu, ili mwalimu asiache kalasi yake kwa ajili ya kazi nyingine. Mwanzoni alikuwa amemtayarisha mmoja wao, Ndugu Henri L'Heureux, apate upadri. Lakini huyo alikufa mwaka wa 1690, na mwanzilishi akaona humo mapenzi ya Mungu. Sisi makatekista na walimu walei tusome jambo hili kwa shukrani. Kufundisha watoto ni wito kamili machoni pa Mungu, wala hakuna haki ya kuuona kuwa kazi ya mtu aliyekosa nafasi pengine.

Ndani ya kalasi yake

Tuingie sasa katika shule zenyewe, kwa maana ndimo hekima yake ilimong'aa. Mambo hayo aliyaandika pamoja na Ndugu wenye uzoefu katika kitabu cha uongozi wa shule, kilichopigwa chapa huko Avignon mwaka wa 1720, baada ya kifo chake.

Kabla yake, katika shule nyingi, mwalimu aliita mtoto mmoja mmoja mezani kwake, na wakati huo wengine walicheza, walipigana au walilala. Padri de La Salle aligawa watoto kadiri ya maendeleo yao. Wote wa daraja moja walishika kitabu kile kile. Mmoja alisoma kwa sauti, wenzake wakafuata kimya kwa macho na midomo, wasijue ni nani atakayeitwa baada yake. Si yeye wa kwanza kuijaribu njia hiyo, lakini Ndugu zake ndio walioieneza na kuishika kwa utaratibu. Mtoto mwenye kazi mkononi hana sababu ya kufanya fujo.

Neno la pili lilikuwa ukimya wa mwalimu. Padri aliona ya kuwa mwalimu anayepiga makelele hufundisha makelele. Kwa hiyo Ndugu alishika mkononi chombo kidogo cha mti au cha chuma kilichotoa mlio mfupi, nacho kilikuwa kama ulimi wake. Kwa mlio huo na kwa ishara za mkono aliweza kuanzisha sala, kumsimamisha msomaji, kumwonyesha mtoto ya kuwa amekosa neno, au kumwita mwingine, pasipo kusema kitu. Sauti yake aliihifadhi kwa mafundisho yenye faida. Hivyo aliposema, watoto walisikiliza.

Neno la tatu lilikuwa lugha. Desturi ilikuwa kuanza kusoma kwa Kilatini, ambacho mtoto hakukielewa. Padri de La Salle aliamuru waanze na Kifaransa, lugha ya mama zao. Alieleza kwa subira mbele ya wakubwa ya kuwa mtoto wa maskini ana miaka michache tu ya kukaa shuleni. Akiipoteza katika maneno asiyoelewa, atatoka bila kujua Kilatini wala Kifaransa. Mtoto anayeelewa hutulia, na asiyeelewa hutafuta mchezo.

Neno la nne lilikuwa ukaribisho. Shule ilikuwa pasipo malipo kwa wote, tajiri na maskini, ili pasiwe na benchi ya aibu. Mtoto alipoingia mara ya kwanza, Ndugu aliwauliza wazazi habari zake: umri wake, tabia yake, alisoma wapi mbele, kwa nini alitoka huko, na yote yakaandikwa. Asubuhi watoto walikula chakula chao ndani ya kalasi, wakijifunza kula kwa adabu na kusali kabla na baada ya chakula. Palikuwa na kikapu: aliyekuwa na mkate wa ziada aliuweka humo, nao ukagawiwa wale waliokuja na njaa. Watoto wenyewe walipewa kazi za kalasi: mmoja aliongoza sala, mwingine alipiga kengele, mwingine aligawa karatasi, mwingine alifagia, mwingine alishika ufunguo. Aliyepewa ufunguo wa nyumba huilinda nyumba.

Walikuwapo pia watoto waliotumwa kuwatembelea wenzao waliokosa shule, ili kujua kama ni wagonjwa. Na hapa ndipo Padri de La Salle alipoonyesha ukweli wa moyo wake. Alipochunguza kwa nini watoto wanakimbia shule, hakulaumu uvivu wao na uzembe wa wazazi tu. Alitaja pia walimu wenyewe, ama kwa ukali wao, ama kwa ulegevu wao, ama kwa kukosa kuwavuta watoto. Aliandika ya kuwa dawa ni kuwatia watoto moyo na kuwaonyesha upendo.

Juu ya fimbo

Tusiseme uongo juu ya mtakatifu: fimbo na ukanda vilikuwapo katika shule za siku zake, naye hakuviondoa kabisa. Lakini alivizungushia boma la masharti mengi, hata mwalimu mwaminifu hakuvifikia ila mara chache. Alikataza kumpiga mtoto kwa mkono au kwa mguu, kumvuta masikio au nywele, kumtukana au kumpa jina la aibu. Alikataza kuadhibu kwa hasira: mwalimu akiona damu yake imepanda, sherti angoje itulie. Adhabu ilipaswa kuwa ya haki, kwa faida ya mtoto, naye mtoto aelewe kwa nini anaipata. Alifundisha pia kupima tabia ya kila mmoja: mwenye aibu hashikwi kama mkaidi, wala mgonjwa kama mzima, wala mtoto mpya ambaye hajajua bado desturi za nyumba. Na aliwakumbusha Ndugu ya kuwa shule yenye adhabu nyingi ni dalili ya mwalimu asiyejua kazi yake.

Alitaja fadhila 12 za mwalimu mwema: uzito wa mwenendo, ukimya, unyenyekevu, busara, hekima, uvumilivu, kiasi, upole, bidii, uangalifu, uchaji wa Mungu na ukarimu. Tena aliwaomba Ndugu wakumbuke mara nyingi kwamba wako mbele ya Mungu, hata katikati ya somo la hesabu. Hapo ndipo palipokuwa chemchemi ya utulivu wote.

Msalaba wake

Wengine wangedhani kazi njema namna hii ilisifiwa na wote. Sivyo. Baada ya Ndugu kufika Paris mwaka wa 1688, walimu waliolipwa walianza kumshitaki barazani. Walidai ya kuwa anapokea bure hata watoto wanaoweza kulipa, naye akichunguza umaskini wa nani? Hukumu zilimwangukia, vyombo vya shule vikachukuliwa. Ndani ya shirika pia wengine walikufa kwa uchovu, wengine wakaondoka. Tarehe 21 Novemba 1691, katika saa ya giza kubwa, aliweka nadhiri ya siri pamoja na Ndugu wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, ya kutoacha kazi hiyo hata wakibaki watatu peke yao na kula mkate tu. Vuyart baadaye alianguka. Drolin alitumwa Roma mwaka wa 1702, akakaa huko peke yake miaka 26, mwaminifu kwa nadhiri yake.

Mwaka wa 1712 mashitaka na fitina zilimfikisha mahali pa kudhani ya kuwa yeye mwenyewe ndiye kizuizi cha kazi yake. Alikwenda kusini mwa Ufaransa, akakaa katika upweke na sala. Ndugu wa Paris na wa sehemu za jirani walimwandikia tarehe 1 Aprili 1714, wakimwamuru kwa jina la utii ambao yeye naye aliuahidi mbele ya shirika, arudi kuongoza. Mwanzilishi aliwatii watoto wake. Alirudi mwezi wa Agosti, na mwaka wa 1717 akaona furaha ya kumkabidhi Ndugu Barthélemy uongozi, akabaki mdogo kati ya wadogo.

Kifo na utukufu

Alikufa katika nyumba ya Saint-Yon, mjini Rouen, tarehe 7 Aprili 1719, siku ya Ijumaa Kuu, akikaribia miaka 68. Ndugu walikuwa wakikaribia mia moja tu. Papa Benedikto XIII alithibitisha shirika mwaka wa 1725. Papa Leo XIII alimtangaza Mwenye heri mwaka wa 1888, na Mtakatifu tarehe 24 Mei 1900. Mwaka wa 1950 Papa Pio XII alimweka kuwa mlinzi wa walimu wote wa vijana. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 7 Aprili.

Na sisi je?

Wana wake walifika katika nchi yetu mwaka wa 1909, huko Boma, na tangu siku hizo walimu wengi wa Kongo, hata wale ambao hawakumwona Frere kwa macho, wamefundishwa kwa njia zilizotoka kwake. Shule zetu za Kikatoliki zimepita katika mawimbi mengi. Serikali ilizichukua mwaka wa 1974, ikazirudisha chini ya uongozi wa Kanisa kwa mapatano ya mwaka wa 1977. Tangu mwaka wa 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali na za mapatano yalipotangazwa kuwa pasipo malipo, watoto wameingia kwa wingi, na mwalimu mmoja huona mbele yake nyuso kuliko mabenchi. Padri de La Salle angefurahi kuona mtoto wa maskini ameingia. Lakini pia angeuliza mara moja: mwalimu huyu anakula nini, anashauriwa na nani, na mtoto aliyekaa mwisho kabisa, jina lake linajulikana?

Maulizo hayo matatu tungependa kuyaweka mbele ya parokia katika jubilei hii. Hatuna uwezo wa kujenga kalasi zote zinazohitajiwa. Lakini wazazi wanaweza kumtembelea mwalimu na kumsaidia, kabla ya kumlaumu. Jumuiya ndogo zinaweza kutuma mtu kuuliza habari za mtoto aliyeacha shule. Walimu na makatekista tunaweza kuiacha fimbo nyumbani, kushusha sauti, kuanza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na kumpa kila mmoja kazi ndogo ya heshima. Mambo haya hayaombi fedha. Yanaomba moyo tu, na saburi ya kila siku. Mti hunyoshwa ungali mbichi, lakini anayeunyosha kwa haraka huuvunja.

Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle aliyeacha meza ya matajiri ili akae na walimu waliodharauliwa, awaombee walimu wa parokia yetu, walio hai na waliokwisha kulala katika Bwana. Awaombee watoto wetu wapate nyumba ya masomo ambamo wanaingia bila hofu na kutoka na nuru. Na Mungu, aliyeianza kazi hii njema kati yetu kwa mikono ya makatekista maskini, aiendeleze hata jubilei zijazo. Amina.